Masafa ya Bunduki

Lugha yetu ina neno moja kwa vitu viwili ambavyo asiyeizoea ataviona havina ujamaa wowote: mzinga. Ukiwa Kyela, chini ya milima ya Livingstone, ukamsikia mtu akisema anakwenda kuutazama mzinga wake, utajua kwamba anafuata asali, na kwamba huko aendako kuna gogo lililochimbwa ndani likatundikwa mtini. Ukiwa Unguja, ukauliza mizinga iko wapi, utaelekezwa Forodhani, kwenye mizinga ya kale iliyokaa miaka mingi mbele ya Beit al-Ajaib ikitazama bahari. Vyote viwili vina mwili mrefu wenye uwazi ndani, na vyote viwili vina mdomo. Aliyetangulia kulitumia neno lile kwa kile cha pili alitazama umbo tu. Kinachotoka mdomoni hakukitazama.

Ndivyo yalivyo maneno yetu mengi ya silaha. Bunduki, kabla ya kuwa bunduki, lilikuwa jina la kokwa katika Kiarabu. Risasi ni jina la madini. Kudungua ni kazi ya watoto wenye njaa wanaoupiga mawe mwembe wa jirani. Leo magazeti yetu humwita mdunguaji yule askari ajifichaye mbali akampiga mtu mmoja kwa risasi moja. Lugha imevipokea vitu hivi kwa jinsi vinavyoonekana na kwa jinsi vinavyofanya kazi, kwa upole wa mwenyeji anayempokea mgeni bila ya kumuuliza amebeba nini. Nami nimekuwa nikijiuliza iwapo upole huo haujatuzoesha kuzizungumza silaha kama tunavyozungumza majahazi na ngoma: ipi ina mbio, ipi ina sauti, ipi imechongwa na fundi hodari zaidi.

Swali hilo nililipata mwaka 2013, nilipokuwa Kyela kwa shughuli za kusomesha. Msomaji wa visiwani ambaye hajafika huko na afikiri bonde tambarare lenye joto na mvua nyingi mno, lenye migomba, michikichi, mashamba ya mpunga na mikokoa iliyojibanza vivulini. Upande wa kaskazini milima ya Rungwe, upande wa mashariki ukuta wa milima ya Livingstone ukiteremka mpaka majini, na upande wa kusini Ziwa Nyasa, ambalo kwa macho ya mtu wa pwani halina tofauti na bahari ila kwa kukosa chumvi. Magharibi ndipo unapopita mto Songwe, nao ndio mpaka wetu na Malawi.

Mwaka ule mpaka huo ulikuwa ukizungumzwa kila mahali. Mwaka 2011 Serikali ya Malawi ilikuwa imetoa leseni ya kutafuta mafuta ziwani, na mwaka 2012 maneno kati ya nchi mbili yakawa makali. Malawi ilisema ziwa lote la kaskazini ni lake, mpaka ukiwa ufukweni kwetu; Tanzania ikasema mpaka unapita katikati ya maji. Bungeni na magazetini yakasikika maneno ya utayari wa jeshi. Baadaye shauri likapelekwa kwa viongozi wastaafu wa Afrika chini ya Rais Joaquim Chissano wa Msumbiji, na vita, alhamdulillahi, havikutokea. Lakini mvuvi wa Matema au wa Mwaya aliyekwenda ziwani usiku siku hizo alikwenda na fikira ambayo baba yake hakuwahi kuibeba.

Mzizi wa ugomvi ule unatuhusu sisi watu wa visiwani zaidi ya tunavyokumbuka. Ni mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani. Katika karatasi hiyo hiyo Ujerumani ilikubali Zanzibar iwe chini ya himaya ya Uingereza, ikapewa kisiwa cha Heligoland katika bahari ya kaskazini ya Ulaya. Na katika karatasi hiyo hiyo ukachorwa mpaka wa Ziwa Nyasa kufuata ufukwe mpaka mdomo wa Songwe. Kalamu iliyotuandika sisi ndiyo iliyowaandika wao. Waliokaa mezani walikuwa Berlin, na hakuna aliyemwona kiboko wa Songwe wala mkarafuu wa Pemba.

Basi katika mwaka huo, mbele ya ghala moja la kununulia kokoa pale mjini Kyela, palikuwa na benchi refu ambalo jioni, mvua ikikatika, lilikuwa baraza. Nikikaa hapo kusikiliza zaidi ya kusema, kwani mgeni huchuma kwa masikio. Siku moja mabishano yalikuwa baina ya kijana mmoja aliyekuwa amemaliza kidato cha sita, msomaji hodari wa mambo ya mitambo, na mzee mmoja aliyestaafu jeshi, ambaye mwaka 1979 alikuwa Uganda pamoja na waliokwenda kumwondoa Idi Amin. Walianza na mpaka, wakaingia katika majeshi, wakafika katika silaha. Na hapo kijana akatoa habari ya bunduki aliyoisoma, nasi sote tukanyamaza kumsikiliza, kwa kuwa alikuwa na kipaji cha kueleza.

Ilikuwa bunduki ya Kimarekani, Remington MSR, ambayo mwezi Machi mwaka ule kamandi ya vikosi maalumu vya Marekani ilikuwa imeichagua kwa wadunguaji wake, kwa mkataba wa bunduki zaidi ya 5,000. Ugeni wake, alieleza kijana, ni kwamba haikuundwa kuwa kitu kimoja. Ina mwili, na katika mwili huo askari hufunga kasiba aitakayo kazi ya siku hiyo. Akibadilisha kasiba, kichwa cha komeo na magazini, bunduki ile ile iliyokuwa ikipiga risasi ya kawaida ya milimita 7.62 hugeuka ikapiga risasi nene ya Lapua, ambayo ni zaidi ya milimita 8. Kazi hiyo huifanya mwenyewe, kwa zana chache, bila ya kuirudisha bunduki kwa fundi. Kitako chake hukunjwa ili ichukulike, hurefushwa na kufupishwa kwa kipimo cha bega la mwenyewe, na juu yake hukaa darubini. Sharti lililowekwa kwa wanaotaka kuiuza lilikuwa kwamba ipige kwa usahihi mpaka mita 1,500.

"Mzee, fikiria," alisema. "Bunduki tatu ndani ya moja. Ukifanya mazoezi unatumia risasi ya bei nafuu. Ukienda kazini unafunga kasiba kubwa. Mkono wako umeshaizoea, jicho lako limeshaizoea, kifyatuo ni kile kile."

Mzee hakuwa mtu wa kuvunja moyo vijana. Aliuliza maswali, na maswali yake yalikuwa ya mtu aliyelala na bunduki kifuani. Ukiifungua kasiba na kufunga nyingine, shabaha inabaki pale pale, au lazima uisahihishe upya kwa kupiga? Kijana akakiri kwamba lazima uihakikishe. Basi, akasema mzee, utaisahihishia wapi, na adui yuko mbele yako anakusikia? Risasi za aina tatu zitabebwa na nani? Katika vita vya Kagera, alisema, sifa kubwa ya bunduki yake ilikuwa kwamba risasi zake zilikuwa sawa na za mwenzake wa kulia na wa kushoto. Mmoja akiishiwa, wa pili humgawia. Bunduki yenye risasi zake peke yake ni kama mgonjwa mwenye chakula chake peke yake: siku mpishi asipofika, hufa na huku wenziwe wanakula. Na vifaa vidogo vidogo, je? Katika tope kama hili la Kyela, alisema akilionyesha kwa fimbo, kidude kikianguka usiku hukioni tena mpaka siku ya Kiyama.

"Tata, hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya Kyela," kijana akajibu kwa adabu, na watu wakacheka.

Mpaka hapo yalikuwa mabishano mazuri, na nakiri kwamba niliyafurahia. Kuna ladha katika kumsikia mtu anayejua kitu akipimana na mtu aliyekitenda. Kisha kijana akatoa hoja ambayo haikuwa ya mitambo. Alisema kwamba ubora wa kweli wa bunduki kama ile ni kwamba humpiga anayekusudiwa, basi. Akamuuliza mzee: ile mizinga ya maroketi mliyokuwa nayo Uganda, iliyoitwa saba saba, ilipoanguka, ilichagua? Mzee akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Haikuchagua." Kijana akaendelea kwamba ikiwa vita vipo na vitakuwepo, basi heri risasi moja inayojua inakokwenda kuliko moto unaoanguka juu ya askari na mama na mbuzi kwa pamoja. Sikumsikia mtu akimpinga, na mimi pia sikuwa na la kumjibu. Mpaka leo naiona kuwa hoja nzito kuliko zote zilizosemwa pale, na anayetaka kuzisema silaha kwa ubaya hana budi aipitie, asiizunguke.

Aliyeigusa alikuwa mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa wa ziwani, usipa kwa jina la huko, aliyekuwa akingojea gari upande wa pili wa benchi. Huyu alikuwa akivuka daraja la Kasumulu kwenda Karonga na kurudi, akinunua huku na kuuza kule kwa kadiri ya bei. Hakuingia katika mabishano. Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza nauli.

"Hizo mita elfu moja na mia tano, mwanangu, mtu akisimama mtoni upande wetu, zinafika wapi?"

Kijana akafikiri. Alikuwa mkweli, akapiga hesabu kwa sauti: upana wa mto si kitu, halafu majaruba ya mpunga, halafu nyumba za kwanza, halafu njia. Akasema zinafika mpaka ndani kijijini na kupita.

"Hapo ndipo alipoolewa dada yangu," akasema mama. Gari likaja, akapanda na makapu yake.

Sina haja ya kulitia chumvi jibu lile. Mama hakusema kuwa bunduki ni mbaya. Alichofanya ni kukitoa kipimo cha masafa katika karatasi na kukiweka juu ya ardhi anayoijua, na kilipokaa pale kikawa na watu. Na kwa watu wa mto ule maneno yale si ya huruma tu, ni ya jiografia. Wanyakyusa wa Kyela na Wangonde wa Karonga wanasikilizana kwa lugha. Wanaoana, wanazikana, wanakopeshana majembe. Mto wenyewe si mwaminifu kwa serikali yoyote. Songwe, unapofika tambarare, huvimba wakati wa masika, huacha njia yake na kujichimbia nyingine, hata shamba lililolala upande huu mwaka huu likaamka mwaka ujao upande wa pili. Serikali mbili zimelazimika kukaa pamoja kupanga jinsi ya kuzituliza kingo zake. Mtu anayelala Mtanzania na kuamka shamba lake liko Malawi hawezi kuelezwa kwa urahisi adui wake anaanzia wapi.

Hapa ndipo ninapoiona hoja ya kijana ikipungukiwa, ingawa haianguki. Risasi inayojua inakokwenda ni bora kuliko moto usiojua, hilo kweli. Lakini usahihi wa bunduki ni nusu ya usahihi. Nusu ya pili ni usahihi wa yule aliyeamua nani apigwe, na hiyo haitengenezwi kiwandani, wala haina darubini. Pale ambapo mpigaji na mpigwa wanavaa kitenge kile kile na kuamkiana kwa salamu ile ile, kasiba bora duniani haitamwambia askari kwamba mtu anayeinama majarubani ni adui au ni shemeji. Ubora wa kwanza wa bunduki hiyo ni umbali. Na umbali ndio kitu ambacho mwambao ule haukuwahi kuwa nacho; kila mara ilibidi uletwe kutoka nje.

Uliletwa na nani? Swali hili, ndugu msomaji wa pwani, linatugonga mlango sisi. Kabla ya Mjerumani na Mwingereza, bunduki zilifika kaskazini ya Nyasa kwa njia ya misafara, na lugha ya misafara ilikuwa hii ninayoandikia. Karibu na Karonga, katika miaka ya 1880, alikaa mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyejulikana kwa jina la Mlozi, pamoja na wenziwe kina Kopakopa na Msalemu, ndani ya maboma yao. Mwezi Oktoba 1887 watu wake waliwashambulia Wangonde waliokuwa wamekimbilia penye matete ya ziwa dogo la Kambwe. Waliokuwa na mikuki walisimama mbele ya waliokuwa na bunduki. Matete yakatiwa moto. Waliotoka walipigwa risasi, na waliojitosa majini waliwakuta mamba. Baadhi ya walionusurika walikimbilia kaskazini, ng'ambo ya Songwe, kwa ndugu zao Wanyakyusa. Udugu ule ambao mama wa usipa aliusema kwa neno moja ulikuwa, wakati huo, tofauti ya kufa na kupona.

Yaliyofuata yalikuwa mabishano marefu ya silaha, safari hii kwa vitendo. Waskochi wa Kampuni ya Maziwa ya Afrika waliokuwa Karonga walipigana na Mlozi kwa bunduki mpya kuliko zake, wasimshinde. Mwaka 1888 akaja afisa wa Kiingereza, Frederick Lugard, ambaye baadaye jina lake lingejulikana Uganda na Nigeria. Akalishambulia boma, akajeruhiwa. Wote wakakubaliana kwamba dawa ni mzinga. Mwanzoni mwa 1889 mzinga ukafika baada ya safari ndefu ya mito na ziwa: mzinga mdogo wa kombora la ratili saba. Ukapigwa. Makombora yakaupenya ukuta wa miti na udongo, yakatoka upande wa pili, na ukuta ukabaki umesimama. Ubora wa kombora, yaani nguvu ya kupenya, ndio uliokuwa ubovu wake mbele ya ukuta laini. Lugard akaondoka mwaka huo bila ya ushindi. Hatimaye, Desemba 1895, Harry Johnston akaja kwa meli akiwa na askari wa Kihindi wa Kisikh na mizinga zaidi; boma likaanguka, Mlozi akakamatwa akanyongwa.

Katika habari zilizoandikwa na wale waliopigana, nimeona kurasa nyingi za unene wa ukuta, idadi ya makombora na makosa ya baruti. Wafu wa Kambwe, ambao kwao ndipo habari ilipoanzia, hawana majina. Ndio ada ya mazungumzo ya silaha: humkumbuka aliye nyuma ya kitako na kumsahau aliye mbele ya mdomo. Na wahenga wetu walikwisha kulijua hilo waliposema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Utamu na uchungu hauko katika mkuki. Uko katika upande uliosimama.

Miaka 19 baadaye, vita vya Ulaya vikafika ziwani, na hapo kuna kisa ambacho naona kama kiliwekwa makusudi kwa ajili ya hoja hii. Wajerumani walikuwa na meli yao ya Nyasa, Hermann von Wissmann, chini ya nahodha Berndt. Waingereza walikuwa na yao, Gwendolen, chini ya kamanda Rhoades. Manahodha hawa walikuwa marafiki, wakikutana bandarini na kunywa pamoja, kwani katika ziwa lile mabaharia wenye kuongea lugha ya kazi yao walikuwa wachache. Tarehe 13 Agosti 1914 Rhoades, aliyetangulia kupata habari ya vita, aliikuta meli ya rafiki yake imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Sphinxhaven, ndiyo Liuli ya leo, kusini zaidi katika ufukwe wetu wa mashariki. Akafungua mzinga kutoka umbali unaotajwa kuwa yadi kama 2,000. Inasimuliwa kwamba Berndt alijitupa katika mashua, akapiga makasia kuelekea Gwendolen akipiga kelele na kumuuliza rafiki yake kama amelewa. Akachukuliwa mateka.

Watu hukisimulia kisa hiki kwa kucheka, na kweli kinachekesha. Lakini tazama masafa. Yadi 2,000 ni zaidi kidogo ya zile mita 1,500 za kijana wa Kyela. Katika umbali ule Rhoades aliweza kufanya jambo ambalo, lau Berndt angekuwa mezani pake, pengine mkono ungekataa. Na Berndt alipolisikia kombora, jambo la kwanza lililomjia halikuwa kujibu kwa silaha; lilikuwa kuufuta umbali, kwa makasia, ili aulize swali. Aliamini kwamba wakionana uso kwa uso kosa litajulikana. Hakukuwa na kosa. Ilikuwa vita.

Mwezi mmoja baadaye kikosi cha Wajerumani kilitoka Neu-Langenburg, ndiyo Tukuyu, kikavuka Songwe kwenda Karonga, na tarehe 9 Septemba 1914 kikashindwa. Askari Waafrika walikuwa pande zote mbili. Kampuni nyingi za askari wa Kijerumani mwaka ule zilikuwa bado zina bunduki ya mwaka 1871, yenye baruti nyeusi, ambayo kila ikipigwa hutoa wingu la moshi na kumwonyesha adui mpigaji alipo. Maafisa walizozana sana juu ya ubovu wa bunduki hiyo mbele ya bunduki mpya isiyo na moshi. Nami nawaza jambo ambalo hawakulihesabu: moshi ule, pamoja na kumponza mwenye bunduki, ulikuwa bado unampa anayepigwa haki moja ya mwisho, ya kujua risasi imetoka wapi. Tangu hapo kila kizazi cha bunduki kimeipunguza haki hiyo, mpaka tukafika kwa mdunguaji wa mita 1,500, ambaye risasi yake hufika kabla ya sauti yake.

Na bunduki ile iliyotukusanya siku ile, iko wapi? Mwaka 2019, kabla hata muongo haujatimia, kamandi ile ile ya Marekani ilichagua nyingine, ya Barrett, nayo pia ya kubadilishwa kasiba, na jeshi lao la nchi kavu likaifuata. Kampuni ya Remington yenyewe ilikuwa imekwisha kwenda mahakamani kwa kufilisika mwaka 2018, ikarudi tena 2020. Hivyo ubora uliokuwa ukitetewa kwa bidii pale benchini uliishi miaka sita. Bila ya shaka hivi sasa, mahali fulani, kijana mwingine mwenye akili anaisifu hiyo mpya, na mzee mwingine anamuuliza habari za tope. Ugomvi wa mpaka, ambao ndio uliozaa mazungumzo yale, ungali haujatiwa sahihi ya mwisho. Mama wauza usipa wanavuka Kasumulu. Wanawake wa Kikisi wanaleta vyungu vyao kwa mitumbwi kwenye soko la Lyulilo, karibu na Matema, kama walivyofanya mama zao. Katika yote hayo, ubora uliodumu ni wa chungu.

Simlaumu kijana. Kupenda kitu kilichoundwa kwa akili si dhambi. Na nchi yenye mpaka haina budi iwe na watu wanaojua silaha, wakiwemo wenye busara ya yule mzee. Ninachokitaka ni kwamba swali la mama liwe sehemu ya mabishano, liulizwe pamoja na uzito, bei na usahihi: zinafika wapi, na hapo anakaa nani? Asiyeweza kulijibu hajaijua bunduki, hata akiifungua na kuifunga macho yake yamefumbwa.

Na sisi tunaoandika kwa lugha hii tuna deni letu. Tunazo tenzi za vita tunazojivunia: Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga juu ya Wadachi walivyoitamalaki Mrima, na Abdul Karim bin Jamaliddini akatunga juu ya Majimaji. Huko tulikuwa wapigwa, na kalamu zetu zilijua la kusema. Natamani atokee malenga wa Kambwe, mahali ambapo Kiswahili kilikuwa kimesimama nyuma ya kitako. Atunge kwa ajili ya wale wa kwenye matete, kwa lugha ile ile iliyotumika kuamuru moto. Na asiogope, kwani lugha hiyo imekwisha kuvuka upande. Ndiyo aliyoitumia mama wa usipa kuuliza swali lake, na ndiyo niliyoitumia mimi mtu wa kisiwani kumwelewa.

Malenga huyo akikosa pa kuanzia, aanze na neno shabaha. Kwetu ni alama anayoilenga mpigaji, na pia ni ule ustadi wa kuilenga. Lakini mzizi wake katika Kiarabu ni mzizi wa kufanana, na ndiyo maana tunasema pia kwamba mtu amemshabihi baba yake. Neno letu la kulenga na neno letu la kufanana ni ndugu wa tumbo moja. Huko Songwe hakuna anayehitaji kamusi kulijua hilo.